Somo la Afya: Kupunguza Uzito kwa Mazoezi ya Nyumbani



Somo letu la leo linahusu mwili wa mfanyakazi. Wengine watauliza: chama kina kazi gani na tumbo la mtu? Tunajibu hivi. Mfanyakazi hana majumba ya kupangisha wala mashamba makubwa. Mali yake ni nguvu zake, na hizo ndizo anazouza kila siku kwa saa. Nguvu hizo zikiharibika, hata mkataba mzuri wa mishahara hautamfaa kitu.

Tulikuwa na mwenzetu katika kiwanda kimoja hapa Kampala, fundi wa mashine. Alikuwa mnene, na sote tulimsifu kwa unene wake. Tulimwita "Bosi", naye alicheka. Alihesabu miaka hadi afike 55 achukue akiba yake ya NSSF, ajenge nyumba kwao. Presha hakupimwa hata siku moja. Miezi michache baada ya kupokea fedha zake alipatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Fedha zote ziliishia katika matibabu. Sisi tuliomwita Bosi ndio tuliochanga nauli ya kumrudisha kijijini. Kwa ajili yake tumeandika somo hili.

1. KWA NINI TUNAOGOPA KUKONDA

Katika Uganda kukonda kuna historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ugonjwa mpya ulianza kuua watu upande wa Rakai, kandokando ya Ziwa Victoria. Watu walikonda hadi mifupa ikahesabika, na wananchi wakauita ugonjwa huo "Slim". Baadaye ulimwengu ukaujua kwa jina la UKIMWI. Sisi tulio na umri wa kutosha tunakumbuka mazishi ya miaka ile. Tangu hapo mtu akipungua, majirani hunong'ona. Mtu akinenepa, husemwa kwamba mambo yake ni mazuri.

Hofu hiyo tunaielewa, lakini leo inatuumiza. Presha, kisukari na kiharusi havingoji mtu akonde kwanza ndipo vimwue. Vinaweza kumwangusha akiwa bado anasifiwa kwa afya yake. Basi tutenganishe mambo mawili. Anayepungua kwa kutaka mwenyewe, polepole, kwa mazoezi na chakula, hana ugonjwa. Lakini anayepungua bila kutaka aende kupimwa mara moja: kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, sukari. Siku hizi kuna dawa za kutibu kifua kikuu, na kuna dawa za kumwezesha mwenye virusi kuishi na kufanya kazi miaka mingi.

2. SOMO HILI LINAMHUSU NANI

Ndugu anayechuma chai Fort Portal au Bushenyi, akibeba kikapu mgongoni mlimani kutwa nzima, hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Vivyo hivyo mkata miwa wa Kakira au Lugazi. Wao wanahitaji kupumzika, chakula cha kutosha na maji safi.

Lakini wenzetu wengi kazi yao imebadilika. Mshonaji hukaa kwenye cherehani tangu asubuhi. Dereva hukaa, karani wa ghala hukaa, askari wa getini hukaa usiku kucha. Anayesimamia mashine ya kufunga bidhaa husimama mahali pamoja saa nyingi, mikono tu ikienda. Jioni huwa amechoka kabisa, naye hudhani amefanya mazoezi. Kuchoka siyo mazoezi. Moyo wake haukwenda mbio hata dakika tano, na mapaja yake hayakufanya kazi.

Jambo hili lilithibitishwa kwa wafanyakazi kama sisi. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Uingereza, Jerry Morris, alitangaza matokeo ya uchunguzi wake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tikiti. Watu hawa walifanya kazi katika basi moja, lakini madereva waliugua moyo zaidi kuliko makondakta. Mwaka 1956 Morris na wenzake walitangaza tena kwamba wamechunguza vipimo vya sare za kazi, wakaona kwamba viuno vya suruali za madereva vilikuwa vikubwa kuliko vya makondakta wa umri ule ule. Ikaonekana pia kwamba hata walipoanza kazi madereva walikuwa tayari wanene zaidi, kwa hiyo siyo kiti peke yake kilicholeta tofauti. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata umekubali neno lile la kwanza: mwili usiotumika huharibika. Morris mwenyewe alishika mazoezi maisha yake yote, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

3. JIPIME KWA KAMBA

Huna mizani? Chukua kamba. Simama wima, mwenzako aikate kamba iwe sawa na urefu wako tangu kisigino hadi utosini. Kisha ikunje katikati iwe nusu. Nusu hiyo izungushe kiunoni juu ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, uko salama kwa upande huo. Ncha zisipokutana, mafuta yamezidi tumboni, na hayo ndiyo mafuta mabaya zaidi kwa moyo na kwa sukari. Itunze kamba hiyo. Itakuonyesha maendeleo yako kila mwezi.

Kamba haipimi presha. Kila mmoja wetu aliyepita miaka 40 apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka katika zahanati. Ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, tena siyo siku moja tu, afuate maagizo ya mganga.

4. CHUMBA KIMOJA KINATOSHA

Wengi watasema: "Mazoezi ni ya matajiri wenye fedha za kulipia jimu. Mimi nakaa katika muzigo, chumba kimoja na watoto wanne." Tukumbuke mwaka 2020, wakati wa korona. Tarehe 25 Machi usafiri wa abiria ulisimamishwa. Siku chache baadaye nchi ilifungwa, na viwanda vikaambiwa kwamba wafanyakazi wanaohitajika walale kiwandani, la sivyo visimamishe kazi. Wenzetu wengine walilala karibu na mashine, wengine walifungiwa nyumbani bila mshahara. Mwezi wa Aprili watu walikatazwa hata kukimbia barabarani. Ndipo Rais Museveni, akiwa na miaka 75, alipotoa picha ya video akionyesha mazoezi ya ndani. Alikimbia ofisini mwake bila viatu, akapiga pushapu 30.

Ofisi yake ni kubwa kuliko muzigo, hilo ni kweli. Lakini pushapu haihitaji ofisi. Inahitaji nafasi ya mkeka mmoja. Kila mwenye nafasi ya kulala ana nafasi ya mazoezi.

5. MAZOEZI YENYEWE

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Unaweza kuzigawa, 10 asubuhi na 20 jioni. Kipimo cha mazoezi ya wastani ni hiki: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba.

Anza kwa kutembea papo hapo dakika 3, mpaka mwili upate joto. Kisha fuata mpango huu:

(a) Kaa juu ya stuli, simama bila kushika kitu, kaa tena. Mara 10. Hii ni kwa mapaja.

(b) Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, kunja viwiko mpaka kifua kikaribie ukuta, sukuma urudi. Mara 10. Ukizoea, fanya kwenye kitanda imara, na mwishowe chini kwenye mkeka.

(c) Panda na ushuke ngazi ya kibarazani, mguu wa kulia kwanza dakika 1, wa kushoto dakika 1. Hii ndiyo kazi ya yule kondakta wa London.

(d) Lala chali, kunja magoti, inua makalio, shusha polepole. Mara 10. Hii husaidia mgongo wa mtu anayekaa kutwa.

(e) Ruka kamba dakika 1. Mwenye mwili mzito au magoti mabovu asiruke. Apige hatua papo hapo akiinua magoti juu.

Pumzika dakika 1, kisha rudia. Wiki mbili za kwanza fanya mizunguko miwili tu. Wiki ya tatu ongeza wa tatu, na baada ya mwezi wanne. Anayefanya zamu ya usiku afanye akishaamka na kabla ya kwenda kazini, siyo anaporudi akiwa hoi. Watoto wakicheka, waite wafanye pamoja nawe.

Usidanganyike na mambo haya: kujifunga kaveera tumboni ili utoe jasho, au kununua dawa za kukondesha zinazopitishwa kwenye vituo vya teksi. Jasho ni maji, yatarudi ukinywa. Dawa usiyojua ndani yake kuna nini inaweza kukuharibu. Tena, kukaza misuli ya tumbo hakuyeyushi mafuta ya tumbo peke yake. Mwili hupunguza mafuta kila mahali kwa zamu yake.

6. HESABU YA CHAI

Sasa tuseme ukweli ambao wauza dawa hawausemi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori karibu 7,700. Nusu saa ya mazoezi kama haya huchoma kalori karibu 150 kwa mtu wa kawaida. Kwa siku tano ni 750. Kwa mazoezi peke yake kilo moja itachukua zaidi ya miezi miwili.

Tazama upande wa pili. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori karibu 16. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, vijiko vinne kila kikombe, akipunguza hadi kimoja, ameacha vijiko 9, yaani kalori karibu 144. Ni karibu sawa na nusu saa ya mazoezi, tena kila siku. Kwa wiki ni kama 1,000. Jumlisha na 750 za mazoezi: 1,750. Hapo kilo moja itatoka kwa wiki nne na siku chache. Hiyo inatosha. Mwendo huu haukutii njaa kazini, na hautoi nafasi ya majirani kunong'ona. Baadaye kupungua kutakuwa kwa polepole zaidi, kwa sababu mwili mwepesi hutumia kidogo. Usikate tamaa. Presha na sukari huanza kunufaika na mazoezi hata kabla ya mizani kuonyesha kitu.

Soda moja ya chupa ina kalori zaidi ya 100. Chapati za mafuta pia huongeza haraka. Hatusemi usile kikomando, maana maharagwe ni chakula kizuri na mfuko wa mfanyakazi tunaujua. Tunasema punguza chapati, zidisha maharagwe, ongeza dodo na nakati. Soda badala yake kunywa maji.

7. TAHADHARI

Mwenye presha ya juu, kisukari, ugonjwa wa moyo au mimba amwulize mganga kwanza. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, acha papo hapo uende zahanati. Wala usiache dawa za presha kwa sababu umepungua, mpaka mganga aseme.

8. KAZI YA CHAMA

Tusiwaambie wanachama kwamba kitambi ni uvivu wao tu. Mtu anayefanya kazi saa 12, kisha akapanda teksi mbili hadi nyumbani, atapata wapi nusu saa? Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inataja saa 48 kwa wiki kuwa kiwango cha kawaida, siku moja ya mapumziko kila wiki, na mapumziko ya nusu saa kwa anayefanya kazi saa nane mfululizo. Saa hizo ndizo saa za mwili wetu. Tukiuza hata nusu saa ya kupumzika, hakuna mazoezi yatakayotuokoa. Kila tawi lidai maji safi ya kunywa karibu na mashine, ruhusa ya kunyoosha viungo, na muuguzi wa kupima presha angalau mara moja kwa mwaka. Mambo hayo gharama yake ni ndogo, nayo yanafaa kuandikwa katika mkataba.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

1. Katika kiwanda au shamba letu, kazi zipi ni za kukaa, na zipi ni za nguvu? Madai ya kila kundi ni yapi?
2. Ni wangapi kati yetu wanaojua presha yao?
3. Je, tunamsifu nani kwa unene, na tunamnong'ona nani kwa kukonda? Tunafanya vyema?
4. Nusu saa yetu ya mapumziko iko wapi?

Kila mjumbe aje mkutanoni na kamba yake. Yule Bosi wetu hakupata mtu wa kumkatia. Sisi tupo, tukatiane.

Umoja ni nguvu.