Kosa la Kwanza Ndilo la Kusoma: Kujenga NetCDF Bila Kukwama

Wengi wanaotaka kuendesha modeli ya hali ya hewa ya WRF hukwama mapema mno, kabla hata ya kugusa modeli yenyewe. Hukwama kwenye NetCDF, maktaba ya kuhifadhi data za sayansi inayotunzwa na Unidata huko Boulder, Colorado. Unaandika `make`, skrini inajaa maandishi, unaanza kubahatisha. Usibahatishe. Ujumbe wa kosa hukuambia kazi imekatikia wapi, nawe ukishajua hapo, zilizobaki ni sababu chache tu.

Hatua ya 1: Fuata mpangilio. Anza na zlib, kisha HDF5, kisha NetCDF-C, mwisho NetCDF-Fortran. Tangu toleo la 4.2, sehemu ya Fortran ni kifurushi cha peke yake, kwa hiyo usiitafute ndani ya ile ya C. Zote zijengwe kwa kompaila zilezile na ziwekwe folda moja, tuseme `$HOME/maktaba`.

Hatua ya 2: Hifadhi kila kinachoandikwa.

`make 2>&1 | tee jenga.log`

Acha `-j` kwanza. Kazi nyingi zikienda sambamba, ujumbe huchanganyikana na kosa halisi hupotea katikati. Kisha:

`grep -n -i 'error:' jenga.log | head`

Chukua mstari wa kwanza, fungua faili hapo, usome na mistari iliyo juu yake. Ule wa mwisho, `make: *** ... Error 1`, unatangaza tu kwamba kazi imeshindikana, sababu haimo. Makosa mengine hamsini yanayofuata mara nyingi ni matokeo ya lile la kwanza.

Hatua ya 3: Jua kazi imekatikia wapi.

Ikikatika kwenye `configure`, kwa mfano ukiambiwa `netcdf.h` haionekani, soma `config.log`. Mwisho wa faili hilo ni orodha ndefu ya vigeu, kwa hiyo panda juu hadi uone programu ndogo ya majaribio na amri iliyoshindwa. Kwenye Ubuntu na Debian, sababu ya kawaida ni kwamba maktaba ipo lakini kifurushi chenye `-dev`, kama `libhdf5-dev`, hakijasakinishwa. Kama umejijengea mwenyewe, onyesha njia:

`export CPPFLAGS="-I$HOME/maktaba/include"`
`export LDFLAGS="-L$HOME/maktaba/lib"`
`export LD_LIBRARY_PATH=$HOME/maktaba/lib`

Ule wa tatu husahaulika sana, ilhali `configure` huendesha baadhi ya programu zake za majaribio.

Ikikatika kwenye kukompaili, uliza kwanza umri wa kompaila na umri wa msimbo. GCC 10 ilipotoka mwaka 2020, gfortran ilianza kukataa jambo iliyokuwa ikilivumilia miaka mingi: kuita utaratibu mmoja mara kwa namba kamili, mara kwa namba za desimali. Ndipo unapoona `Type mismatch between actual argument`. Tiba bora ni kuchukua toleo jipya la maktaba. Isipowezekana, weka `-fallow-argument-mismatch` kwenye `FFLAGS` na `FCFLAGS`.

Kwa C, GCC 14 ya mwaka 2024 ilifanya `implicit declaration of function` kuwa kosa kamili. Hapa nasisitiza: usilizime kwa chaguo la kompaila. Kitendakazi kisichotangazwa hudhaniwa kurudisha `int`; kama kinarudisha anwani ya kumbukumbu, kwenye mashine ya biti 64 nusu ya anwani hiyo inaweza kukatwa, na programu ikaanguka baadaye mahali pasipohusiana kabisa. Ongeza `#include` inayokosekana.

Faili la `.mod` nalo lina tabia yake. `Cannot open module file` maana yake njia ya `-I` haipo. Likifunguka lakini likakataliwa, limetengenezwa na kompaila nyingine au toleo jingine. Conda husababisha hili mara nyingi kwa kutanguliza zana zake kwenye `PATH`. Angalia kwa `which -a gfortran nc-config nf-config`.

`undefined reference` ni kosa la kuunganisha: kukompaili kumeshapita. Maktaba ziandikwe baada ya mafaili yako, `-lnetcdff` ikitangulia `-lnetcdf`. Afadhali uiachie `nf-config --flibs` ikupe orodha.

Programu ikijengwa kisha ikakataa kuanza kwa `error while loading shared libraries`, tumia `ldd` kuona maktaba ipi haikupatikana. Na ukiona `Killed` katikati ya ujenzi, kompyuta imeishiwa RAM. Punguza namba ya `-j`.

Hatua ya 4: Safisha ndipo urudie. Endesha `make distclean` kabla ya `configure` mpya, la sivyo mabaki ya jaribio lililoshindwa yatakupotosha. Ikifanikiwa, endesha `make check` kabla ya `make install`, hasa ukiwa umetumia chaguo la kulegeza kompaila.

Ukilazimika kuomba msaada, usitume picha ya mwisho wa skrini. Tuma mistari ya kosa la kwanza, faili la `config.log`, matoleo ya kompaila na ya maktaba, na amri kamili uliyoandika.