Dawa ni Katika Masurufu ya Msafiri

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: somo letu la leo ni juu ya dawa achukuazo mtu safarini, yaani dawa alizoandikiwa na daktari, naye hana budi kuzitumia kila siku. Tumelichagua somo hili kwa ajili ya ndugu zetu wa Kitui na Mwingi, wa Wote, Emali, Makindu na Kibwezi, wanaonuia Hija na Umra. Wengi wanaoijaliwa safari hiyo huijaliwa uzeeni, baada ya kuweka akiba miaka mingi, na uzee huja na wenzake: shinikizo la damu, kisukari, pumu na maradhi ya moyo. Nasi twaona mizigo ikifungwa kwa bidii kubwa, nguo za ihramu zikikunjwa vizuri, vitabu vya dua vikitiwa mahali pake. Ama dawa, hizo hutiwa mwisho, penye nafasi iliyosalia, na pengine husahauliwa mezani.

Na ukiuliza sababu, utapewa mojawapo ya maneno mawili. Wa kwanza atakwambia: "Mimi naenda katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Yeye ndiye mponyaji, na maji ya Zamzamu yako huko. Kujaza mkoba dawa ni upungufu wa kutawakali." Na wa pili atasema: "Makka ni mji mkubwa, hapakosi maduka ya dawa. Nitanunua huko huko." Maneno yote mawili yafaa kujibiwa, kwa kuwa yamewatia watu katika taabu.

Ama huyu wa kwanza, twamkumbusha habari ya watu wa Yemen aliyoisimulia Ibn Abbas, na Imamu Bukhari akaipokea. Watu hao walikuwa wakienda kuhiji bila ya kuchukua chakula, wakijinasibu kuwa wao ndio wenye kutawakali. Na walipofika Makka wakawa waombaji, wakiwasumbua watu. Ndipo ikashuka aya ya 197 ya Suratul Baqara, ikawaamrisha mahujaji wachukue masurufu, na ikawajulisha ya kwamba masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Basi tazama, ewe ndugu yetu! Ucha Mungu ulitajwa kuwa ndio bora, wala haukufanywa kuwa ni badala ya chakula. Na mwenye kisukari, sindano yake ni katika masurufu yake kama ulivyo mkate wake, bali pengine yaihitaji zaidi. Kwani mtu aweza kukaa siku mbili kwa maji matupu akasalimika, na wako wagonjwa wa kisukari ambao siku mbili bila ya insulini zatosha kuwaua.

Na yajulikana habari ya bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na atawakali, naye akaamrishwa amfunge, kisha atawakali. Mtume mwenyewe alijitibu, na akawaamrisha watu wajitibu. Maji ya Zamzamu yana baraka, nasi twayanywa kwa dua. Lakini kuyanywa hakumkatazi mtu kumeza kidonge chake, na kidonge hicho aweza kukimeza kwa maji hayo hayo. Sisi tunaokaa katika nchi hii ya ukame twalijua jambo hili bila ya kufundishwa. Aliyevuka nyika bila ya kibuyu cha maji, hakuna mzee wa Kitui aliyemsifu kwa kutawakali, walimwita mjinga.

Ama huyu wa pili, ni kweli Makka ina maduka ya dawa, na hata Mina na Arafa zina hospitali. Lakini dawa moja huwa na majina mengi, kila kiwanda huiita kwa jina lake, na jina ulilolizoea hapa huenda halijulikani huko. Wewe hujui Kiarabu cha kueleza maradhi, na umesahau kipimo chako. Wakati huo watu mamia ya maelfu wanatembea, na gari haipiti. Kisha jua kuwa nguzo kubwa ya Hija ina saa zake: kusimama Arafa ni mwezi 9 Mfungo Tatu, tangu jua kupinduka mpaka alfajiri ya mwezi 10. Aliyekosa saa hizo amekosa Hija ya mwaka ule. Mtu aweza kuuza ng'ombe na shamba akafika Jedda salama, kisha akalala hospitali siku ya Arafa, hana fahamu, kwa vidonge alivyovisahau nyumbani.

Na joto si la mzaha. Katika Hija ya mwaka 1445, yaani Juni 2024, joto lilifika nyuzi 51.8 katika Msikiti Mtukufu wa Makka, na serikali ya Saudia ikatangaza kuwa mahujaji 1,301 walikufa. Wengi wao walikuwa hawana ruhusa rasmi, wakatembea mwendo mrefu juani bila ya hema wala kivuli. Na miongoni mwa waliokufa walikuwamo wazee na wenye maradhi ya kudumu. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Baada ya kuyajua hayo, haya ndiyo mambo yanayompasa msafiri.

La kwanza, aende kwa daktari mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya safari, ikiwa ni katika hospitali ya Kitui, ya Wote, ya Makindu au popote anapotibiwa. Amweleze waziwazi: naenda mahali penye joto kali, nitatembea sana, na usingizi wangu utakuwa mchache. Wako wanaotumia dawa za presha zinazoutoa mwili maji kwa mkojo, na daktari huenda akaona haja ya kubadili kipimo kwa siku za joto. Hilo ni la daktari, wala mgonjwa asijipunguzie mwenyewe. Kisha aombe barua yenye jina lake kama lilivyo katika pasipoti, ugonjwa wake, jina la asili la kila dawa wala si jina la kiwanda tu, na kipimo chake. Barua iwe na sahihi na muhuri. Nakala moja akae nayo, na moja ampe mwenzake wa safari.

Wala mtu asimfiche daktari maradhi kwa kuogopa kuzuiwa. Uwezo uliofanywa kuwa ni sharti la Hija si wa fedha peke yake. Afya nayo ni katika uwezo. Aliyefika hadi ya kusafishwa damu kwa mashine, au ambaye moyo wake umedhoofu hata hawezi kutembea hatua chache, serikali ya Saudia yenyewe imemweka katika wasioruhusiwa. Na asiye na matumaini ya kupona, dini imemfungulia mlango wa kuhijiwa na mtu mwingine. Asiuone mlango huo kuwa ni aibu.

La pili, dawa zikae katika vyombo vyake vya asili. Katika zahanati na maduka yetu mengi vidonge huhesabiwa vikatiwa katika bahasha ndogo ya karatasi, na juu yake huandikwa "1 x 2" kwa kalamu. Hiyo yatosha kwa mtu wa nyumbani, lakini haimtoshi msafiri. Askari wa forodha akiona vidonge vyeupe visivyo na jina, atajuaje kuwa ni metfomini? Mwombe muuza dawa akupe boksi lake, au karatasi za vidonge ambazo hazijakatwa, zenye jina na tarehe ya kuisha. Usichanganye dawa mbili katika chupa moja ili kupunguza mzigo. Na unga wa mitishamba uliofungwa katika gazeti, uache nyumbani.

La tatu, ahesabu. Safari ikiwa ni ya siku 25, na kila siku ni vidonge viwili, hivyo ni 50. Aongeze vya siku tano kwa kuwa ndege huchelewa, jumla viwe 60. Watu husema akiba haiozi, lakini dawa huoza. Basi asome tarehe, asibebe iliyokaribia kuisha.

La nne, dawa zisiachane na mwenyewe. Mkoba wa dawa haupandishwi juu ya keria ya basi pale Kitui, wala hautiwi katika buti penye joto kama la tanuri, wala hauingii katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Sanduku hupotea, au hufika baada ya siku tatu. Tena huko chini ya ndege baridi yaweza kuigandisha insulini, na insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Basi dawa zote ziwe katika mkoba wa mkononi. Na kama zaweza kugawanywa, fungu moja achukue yeye, na fungu la siku chache achukue mkewe au mwanawe anayesafiri naye, pamoja na nakala ya barua. Ile sheria ya kutopita na vitu vya maji zaidi ya mililita 100 haiwafungi wenye dawa wanazozihitaji njiani, maadamu wamezitoa wakazionyesha. Na sindano nazo hupita kwa barua ya daktari.

La tano, azilinde na joto. Dawa nyingi huandikwa zisikae mahali palipozidi nyuzi 30, na zipo za nyuzi 25. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 mpaka 8. Iliyofunguliwa yaweza kukaa nje takriban wiki nne, maadamu joto halizidi 30. Na asiye na friji Mutomo au Mtito Andei asikate tamaa. Achukue mtungi mdogo autie ndani ya mtungi mkubwa, baina yao atie mchanga uliolowa maji, dawa aitie katika mfuko wa plastiki ndani ya ule mdogo, na juu afunike kwa kitambaa kilicholowa. Maji yakikauka huondoka na joto. Na katika hewa kavu kama yetu njia hii hufaa kuliko katika hewa ya pwani. Safarini iko mifuko inayoloweshwa maji kwa kanuni hiyo hiyo. Ama barafu, insulini isigusane nayo.

La sita, nalo ni la hatari kuliko yote: zipo dawa ambazo hapa ni dawa, na kwingine huhesabiwa pamoja na madawa ya kulevya. Fenobabitoni wanayopewa wagonjwa wa kifafa katika zahanati zetu ni katika hizo. Na diazepamu, na kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi na za maumivu, na tramadoli. Mwenye kuhitaji dawa ya namna hii aombe ruhusa ya idara ya dawa ya Saudia kabla ya kuondoka, akiwa na barua ya daktari, wala asichukue zaidi ya kipimo cha siku 30, au cha siku za safari yake zikiwa ni chache kuliko hizo. Awaulize mapema wakala wake wa Hija au ubalozi. Na hukumu ya kuingiza madawa ya kulevya katika nchi ile hufika mpaka kifo.

Kwa hiyo mtu asibebe dawa ya mtu mwingine. Utaambiwa: "Mpelekee mwanangu aliye Riadh dawa hizi, ana maumivu." Huruma ni nzuri, lakini sheria haiulizi huruma. Mwaka 2017 mwanamke mmoja Mwingereza alikamatwa Misri na vidonge 290 vya tramadoli. Akasema ni vya kumtuliza mumewe maumivu ya mgongo, na akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Na neno hili twawaambia pia vijana wetu, wanaume kwa wanawake, Waislamu na wasio Waislamu, wanaotoka Ukambani kwenda kutafuta kazi Ghuba: sheria ni hiyo hiyo, na hakuna anayesamehewa kwa kutojua.

La saba ni saa za dawa na hali ya ihramu. Katika wepesi wa Mwenyezi Mungu ni kuwa saa ya Makka na saa ya Kitui ni moja. Basi aliyezoea kumeza dawa saa mbili usiku aendelee saa mbili usiku, wala hana hesabu ya kubadilisha. Aendaye Dubai au Maskati atakuta saa imetangulia kwa moja. Nguo ya ihramu haina mfuko, lakini wanachuoni wameruhusu mkoba wa kufunga kiunoni; humo aweke dawa za siku mbili, barua, na kitu kitamu kwa mwenye kisukari, asije akashukiwa na sukari katikati ya Mina. Kumeza dawa na kupiga sindano hakuharibu ihramu. Ajiepushe tu na marhamu yenye manukato akipata isiyo nayo.

Mwisho twasema na ninyi, watoto wa mahujaji. Wazazi wengi hawasomi maandishi madogo ya maboksi. Kaeni nao usiku mmoja kabla ya safari, mhesabu vidonge pamoja, mwandike kwa herufi kubwa dawa ya asubuhi na dawa ya jioni, na mmjulishe kiongozi wa msafara ugonjwa wa mzazi wenu. Hilo ni katika wema mlioamrishwa kuwafanyia wazazi, wala msimwachie mtu mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape afya wasafiri wetu, awasimamishe Arafa wakiwa na fahamu zao, na awarudishe kwa watu wao salama. Wabillahi taufiki.