SOMO LA VIKUNDI: Sakafu ya pikapu yetu, tuiwekee plastiki ya kupachika au mpira wa kupuliza?



Kikundi kikishapata nguvu kidogo, jambo la kwanza kutajwa mkutanoni ni gari. Si ajabu. Machungwa hayangoji, mihogo haingoji, na mnunuzi wa korosho akishajua kwamba huna njia ya kufika barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga, bei anapanga yeye. Basi kikundi kinachanga, kinakopa, kinanunua pikapu, mara nyingi iliyokwisha kutumika. Na miezi haiwi mingi kabla ya dereva kusimama na kusema, "Mama mwenyekiti, hii bodi yaliwa. Tuiwekee nini?"

Somo letu leo ni juu ya swali hilo. Bodi hapa ni ile sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo. Bati lake la sakafu ni jembamba, kama milimita moja hivi, na juu ya bati hilo ndipo tunapotupa mawe, mchanga, magunia, mitungi na mbuzi. Likishatoboka, maji na tope hurushwa juu na magurudumu, mzigo huharibika, na siku ya kuuza gari mnunuzi huinama, akachungulia, akakata bei. Jasho la watu ishirini au thelathini linapotelea katika tundu la ukubwa wa sarafu.

Kutu yatoka wapi?

Wengi hufikiri bodi inaharibiwa na mikwaruzo. Mkwaruzo ni mlango tu. Mwizi mwenyewe ni kutu, na kutu inataka vitu viwili: maji na hewa. Rangi ikikwaruzwa, chuma kinabaki uchi, maji na hewa vinakifikia. Hapo kuna kitu cha tatu kinachoharakisha kazi, nacho ni chumvi. Chumvi huvuta unyevunyevu kutoka hewani na haiachi chuma kikauke. Sisi wa pwani chumvi tunayo tele. Gari linalopanda kutoka Shimoni au Vanga na samaki wa barafu linadondosha maji ya chumvi njia nzima. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Hata maji ya baadhi ya visima vyetu ni ya chumvichumvi, na kuosha gari kwa maji hayo ni kulipaka chumvi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kutu mbaya si ile unayoiona. Mbaya ni ile ya mahali palipofichika, ambapo mchanga uliolowa umekaa wiki nzima bila kukauka. Shikeni hilo, manake ndilo litakalotusaidia kuchagua.

Aina mbili za bedilaina

Madukani kinga ya bodi huitwa bedilaina, na ziko za namna mbili.

Ya kwanza ni ya kupachika. Ni plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bodi, kama beseni kubwa. Inaingizwa, inashikizwa, kazi imekwisha, hata saa moja haifiki. Uzuri wake ni kwamba inapokea vishindo vizuri: jiwe likianguka, plastiki ndiyo inayopigwa, si bati. Tena unaweza kuitoa. Lakini kila beseni limetengenezwa kwa aina yake ya gari. La Hilux halikai kwenye D-Max, na la gari la milango miwili halifai kwa la milango minne, kwa sababu urefu wa bodi ni tofauti. Kwa hiyo usidanganywe na yule atakayekuambia "itaingia tu, tutaikata."

Ubaya wake uko chini. Beseni halishikani na bati, lapumua. Gari likitikisika kwenye barabara zetu hizi, plastiki inasuguana na rangi, na chembe za mchanga zilizoingia katikati zinafanya kazi ya msasa. Maji ya mvua ya Aprili na Mei yanapenya pembeni, yanakaa. Juu kunang'aa, chini kunaoza. Mafundi wengine pia hutoboa bati ili wakaze skrubu za kulishikiza beseni, na kila tundu walilotoboa ni mwanzo wa kutu. Tena plastiki hiyo inateleza. Mtungi wa lita 20 ukijaa una kilo 20 za maji. Dereva akifunga breki, unakwenda wenyewe mpaka ugonge. Mbuzi akisimama juu ya plastiki iliyolowa anaweza kuvunjika mguu kabla hajafika mnadani.

Ya pili ni ya kupuliza. Fundi anakwaruza rangi ya bodi kwa msasa, anaosha mafuta yote, anakausha, kisha anapuliza dawa mbili zinazochanganyika na kugeuka kuwa ngozi ngumu ya mpira, kama milimita tatu hivi unene wake. Ngozi hiyo inashikana na bati. Hakuna nafasi chini yake, hakuna mahali pa maji kujificha. Ina ukwaru, mzigo hautelezi ovyo. Ikichanika mahali, pale palipochanika panaweza kuzibwa.

Nayo ina masharti. Haitoki. Ukishapulizwa umepulizwa. Na kila kitu kinategemea matayarisho: kama fundi alipuliza juu ya vumbi, mafuta au kutu, ngozi itabanduka, na kutu iliyofungiwa ndani itaendelea kula huku nyinyi mnaona juu kuzuri. Haikingi vishindo vizito kama beseni. Jiwe kubwa likitupwa, bati litabonyea na ngozi yake pamoja. Jua letu pia huififisha rangi yake, lakini hilo ni la sura tu.

Iko pia ya kopo, ya kupaka kwa brashi au rola. Ni nafuu, na ni nyembamba zaidi. Kwa kikundi chenye fedha kidogo si kitu cha kudharau, mradi matayarisho yawe yale yale.

Neno moja juu ya fundi mwenyewe. Dawa ya kupuliza ina kemikali za kundi la isosaineti, ambazo zikivutwa kifuani zinaweza kumletea mtu pumu ya maisha. Kitambaa usoni hakisaidii. Anayepuliza avae kinyago maalumu cha kemikali, na nyinyi mliokwenda kuangalia kazi mkae mbali, msichukue watoto. Mkiona fundi anapuliza kifua wazi katika kibanda kisicho na hewa, tafuteni mwingine. Asiyejilinda mwenyewe sidhani kama atakuwa na subira ya kukausha bodi yenu.

Fungueni kwanza

Kikundi kimoja cha akina mama kilinunua pikapu yenye beseni jeusi linalong'aa. Kila mmoja aliliona kuwa ni zawadi, kitu cha bure juu ya gari. Miaka miwili baadaye gunia la chumvi ya mifugo lilipasuka, wakalitoa beseni ili waoshe. Chini walikuta tope kavu, majani, na bati limekuwa kama chapati iliyoungua, kidole kilipita. Fundi wa bodi alikata kipande kizima na kuchomelea kingine. Beseni halikuwa na kosa. Hakuna aliyelifungua siku ya kununua, wala siku yoyote baada ya hapo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kama gari lenu ni jipya au bodi yake bado ni safi, na uwezo upo, pulizeni. Ndiyo inayofaa zaidi kwa hewa ya chumvi. Kama gari ni la zamani na kutu imekwisha kuingia, msipulize kwanza. Kateni palipooza, chomeleeni, pakeni rangi ya kuzuia kutu, na fedha zikibaki ndipo mfikirie ngozi. Na kama kazi yenu kubwa ni mawe ya kujengea, beseni la plastiki lina haki yake, kwa sharti kwamba lisitobolewe matundu na kila mwezi litolewe, paoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, pakauke juani kabla ya kurudishwa. Asiyeweza kutimiza sharti hilo asinunue beseni. Turubai na mkeka wa mpira mzito vitamfaa zaidi, kwa sababu hivyo hata kijana wa kupakia anaweza kuviinua.

Wengine watasema, mbona tusiweke bati nene lenye vinundu, lile la ngazi za malori? Linadumu, kweli. Lakini pigeni hesabu. Chuma cha unene wa milimita 3 kina kilo karibu 24 kwa kila mita moja ya mraba. Sakafu ya mita 2.2 kwa 1.5 ni mita za mraba 3.3, yaani kilo 79, bila vinundu. Hiyo inakaribia gunia la mahindi la kilo 90. Kwa gari linaloruhusiwa kubeba tani moja, mnalibeba gunia hilo kila safari, kwenda na kurudi, na hakuna anayewalipa nauli yake. Na chini ya bati hilo nako maji hukaa.

Hatari ya petroli

Hapa naomba msome pole pole, hasa vikundi vyenye pampu ya maji, msumeno wa moto au mashine ya boti.

Wengi wetu tukienda kituoni huuacha mtungi juu ya pikapu na kumwambia mhudumu ajaze hapo hapo. Petroli ikitiririka huzaa umeme mdogo, ule unaokuchoma kidogo ukivua nguo ya nailoni. Mtungi ukiwa chini ardhini, umeme huo una njia ya kupotelea udongoni. Ukiwa juu ya plastiki hauna pa kwenda, unajikusanya, kisha unaruka kama cheche kwenye mdomo wa bomba, pale penye mvuke wa petroli. Mwaka 1998 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilitoa onyo juu ya jambo hili hili baada ya watu kuungua wakijaza mitungi juu ya pikapu zenye bedilaina za plastiki. Mtungi wa chuma ndio ulio hatari zaidi hapo, ingawa wengi hufikiri kinyume. Ngozi ya kupuliza nayo haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo msijione mmeokoka.

Dawa yake ni rahisi: shusheni mtungi, uwekeni ardhini mbali na gari, mdomo wa bomba uguse mdomo wa mtungi toka mwanzo mpaka mwisho, na petroli itiwe pole pole. Dereva aambiwe wazi mbele ya kamati, na iandikwe katika kitabu cha kumbukumbu. Akisema ana haraka, mhazini amkumbushe gari ni la nani.

Ya kuzungumza katika mkutano wenu

Kabla ya kwenda kwa fundi, tembeeni wote mpaka kwenye gari. Toeni kila kilicholala sakafuni. Pigeni bati kwa kifundo cha kidole: linalia sawa kila mahali, au pako panaposikika pamelegea? Mwezi uliopita tulibeba nini zaidi, mawe, samaki, mifugo au magunia? Nani anaosha gari likitoka Shimoni, na anaosha kwa maji ya kisima gani? Leteni bei kutoka kwa mafundi wawili au watatu wa Ukunda na Mombasa, zilizoandikwa, zikionyesha matayarisho peke yake na kupuliza peke yake. Fundi asiyetaka kuandika bei ya matayarisho, mwulizeni atatayarisha vipi, na mama mwenyekiti akae kimya mpaka ajibu.