Mama Anapomtafuta Mwanawe Nakivubo

Mfereji wa Nakivubo hupita katikati ya Kampala, jirani na soko la Owino, ukielekeza maji yake Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi kingo zake zimekuwa malazi ya watoto waliotoroka makwao. Huokota chupa za plastiki na vyuma chakavu. Wengine hunusa mafuta ya ndege ili wasahau njaa na baridi. Mtoto wa mpakani hufika huko kwa urahisi, kwani vituo vya mabasi haviko mbali.

Somo letu linamhusu mama yake. Tuchukue mfano wa mama auzaye samaki Busia. Mwanawe wa miaka 13 ameiba fedha za mtaji. Amemchapa, akamwambia, "Sitaki kukuona tena." Asubuhi mtoto hayupo. Mama haji kituoni siku hiyo, wala juma hilo, kwa kuwa ajua askari atamuuliza mtoto aliondoka kwa sababu gani, na jibu lamchoma moyo. Siku hizo za aibu ndizo mtoto azitumiazo kuzoea mfereji.

Swali hilo huulizwa ili mtoto apatikane. Usingoje saa 24. Mwone mwenyekiti wa LC1, kisha ofisi ya polisi ya ulinzi wa mtoto na familia, ukiwa na picha na majina ya rafiki zake. Namba 116 hupigwa bila malipo Uganda, na vivyo hivyo Kenya na Tanzania. Mpaka si kizuizi.

Wako akina mama wanaomleta mtoto aliyerudi na kutusihi tumlaze mahabusu usiku mmoja "apate adabu." Ombi hilo hatulikubali. Sheria ya Watoto ya Uganda hairuhusu mtoto kuwekwa pamoja na watu wazima, na aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa kosa la jinai. Kwa mtoto kama huyu, afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya ana msaada mkubwa kuliko selo.

Kurudi nyumbani nako kuna mitihani yake. Mtoto aweza kuficha chakula chini ya godoro, au kutoroka tena. Mama, kwa kujilaumu, leo humpa kila alitakalo, kesho humfokea. Yule wa mfano wetu na aanze kwa kusema, "Maneno yale niliyatamka kwa hasira, nami nayajutia." Habari ya mtaji izungumzwe siku nyingine.