Jina Lisipoenea: Maswali Kuhusu Kunakili Maneno Ndani ya Draiva

Draiva inanakili maneno gani?
Draiva ni programu inayouunganisha mfumo endeshi na kifaa kama printa au kadi ya mtandao. Kila kifaa kina jina, na jina hilo hunakiliwa huku na huko kwenye kumbukumbu. Katika Linux, jina la kadi ya mtandao limetengewa baiti 16, ikiwemo sifuri ya kulifunga.

Sifuri hiyo ni ya nini?
Lugha ya C, inayotumika kuandika draiva nyingi, haitunzi urefu wa neno. Sifuri ndiyo inayoonyesha neno limeishia wapi. Tuseme umetenga baiti 8. "Mombasa" ina herufi 7, hivyo inaenea pamoja na sifuri yake. "Zanzibar" ina 8, na sifuri yake haina pa kukaa.

Hapo hutokea nini?
Amri ya kunakili iitwayo strcpy haiulizi nafasi: huiandika sifuri juu ya data ya jirani. Draiva nyingi za Linux hufanya kazi ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, penye mamlaka yote ya kompyuta. Kosa la baiti chache humo laweza kuizima mashine nzima au kumfungulia mdukuzi njia.

Je, amri ya strncpy ni salama?
Hapana. Itanakili herufi zote 8 na kuliacha neno wazi, kisha atakayelisoma atapitiliza hadi kwa jirani. Nayo strlcpy hulifunga neno, lakini husoma chanzo chote hata kisipokuwa na mwisho. Linux iliiondoa mwaka 2024.

Nitumie ipi basi?
Tumia strscpy, iliyoingia Linux 4.3 mwaka 2015. Ipe ukubwa wa mahali panapopokea, si urefu wa neno linalokuja. Itaandika "Zanziba", itafunga kwa sifuri, na itakurudishia msimbo wa kosa -E2BIG kukuarifu kwamba neno limekatwa.

Nikipata jibu hilo?
Usilipuuze. "Zanzibar" na "Zanzibari" zikikatwa hubaki jina moja, na draiva inaweza kukihudumia kifaa kisicho chake. Likatae jina hilo au ongeza nafasi.

Data ikienda kwa mtumiaji?
Tumia strscpy_pad. Hujaza sifuri nafasi yote inayobaki, ili mabaki ya siri za keneli yasitoke pamoja na jina.

Kabla ya kunakili, jua nafasi uliyonayo. Baada ya kunakili, soma jibu ulilorudishiwa.