Kutabiri Mvua ya Umuhindo Ukiwa Mahoko: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mahoko iko kwenye barabara ya Gisenyi kwenda Musanze, katika tarafa ya Kanama, na Mto Sebeya unapita kando yake ukielekea Ziwa Kivu. Kuanzia Septemba hadi Desemba, msimu ambao Wanyarwanda huuita umuhindo, asubuhi ya jua kali yaweza kufuatwa na alasiri ya mafuriko. Mwongozo huu unakuwezesha kujibu maswali mawili kila siku. La kwanza: je, mvua itanyesha uwanjani kwangu? La pili: je, Mto Sebeya utajaa?

Usiyachanganye. Swali la kwanza hujibiwa na anga la Mahoko. La pili hujibiwa na miteremko ya Gishwati, ambako maji ya mto hutoka. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, katika msimu mwingine wa mvua, Mto Sebeya ulivunja kingo zake watu wakiwa wamelala. Mafuriko na maporomoko ya usiku huo yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi. Kwa sababu hiyo Hatua ya 7 hairukwi, hata siku ambayo kwako hakujadondoka tone.

Istilahi

Saa: zote ni za Kiswahili. Saa 2 asubuhi ni 08:00 kwenye simu. Saa 5 asubuhi ni 11:00.
Mvua: milimita 1 au zaidi ndani ya kipimamvua. Chini ya hapo ni manyunyu, na manyunyu yanahesabiwa kuwa hakuna mvua.
Kipindi: muda kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 2 asubuhi ya kesho yake.
Upepo: unaitwa kwa upande unakotoka. Upepo wa magharibi unatoka magharibi, yaani ziwani.
Wingu la radi: wingu lenye kitako cheusi na kilele kilichotandazika kama fuawe la mhunzi.

Vifaa

Makopo 2 yenye kuta zilizonyooka, kina kisichopungua sentimita 15, rula ya milimita, bomba la sindano la mililita 20, nguzo ya mita 1, mwanzi wa mita 3, utepe wa kitambaa chepesi, sentimita 60 kwa 5, dira, rangi nyeupe, daftari lenye mistari, kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huyeyuka ukilowa, simu.

Hatua ya 1. Tengeneza kipimamvua.

Pima upana wa mdomo wa kopo, kisha upana wa chini kwa ndani. Tofauti ikizidi milimita 2, tafuta kopo jingine. Chunguza rula: rula nyingi za shule huwa na nafasi tupu kati ya ncha na sifuri. Pima nafasi hiyo na uiandike ukurasa wa kwanza wa daftari. Ikiwa ni milimita 4, utaongeza 4 kwenye kila kipimo. Asiyelifanya hili hupunguza mvua ya msimu mzima bila kujua, na hesabu zote zinazofuata huharibika.

Hakiki kopo kabla ya kulitumia. Kwa kopo lenye mdomo wa sentimita 10, mimina mililita 157 za maji: bomba la sindano lililojaa mara 7, kisha mililita 17. Simamisha rula wima hadi iguse chini. Ukishaongeza ile nafasi tupu, lazima upate milimita 20, kwa kosa lisilozidi 1. Milimita 20 maana yake ni lita 20 za maji kwenye kila mita moja ya mraba ya shamba lako.

Funga kopo juu ya nguzo, mdomo ukiwa sawasawa. Umbali kutoka ukuta au mti wowote uwe angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Tengeneza kopo la pili kwa vipimo hivyohivyo. Litahitajika katika Hatua ya 7.

Hatua ya 2. Simika kitambaa cha upepo.

Funga utepe kwenye ncha ya mwanzi na uusimike mahali wazi. Tafuta kaskazini kwa dira ukiwa umesimama angalau mita 5 kutoka bati, nondo au gari. Miamba ya volkano nayo huvuta sindano ya dira, na eneo letu limejaa miamba hiyo. Hakiki hivi: siku ya anga safi, mlima Nyiragongo (mita 3,470) lazima uwe kaskazini-magharibi kwako. Usipokuwa huko, sogea mita 10 na upime tena. Ukisharidhika, chora mishale minne chini kwa rangi.

Kumbuka kwamba kitambaa huelekea upande ambao upepo unakwenda. Kikielekea mashariki, andika "upepo wa magharibi".

Hatua ya 3. Chora safu za daftari.

Kila siku mstari mmoja. Safu ni hizi, kwa mpangilio huu: tarehe; kipimo cha saa 2; kipimo cha saa 5; jumla ya siku 5; maneno ya Meteo Rwanda (Hatua ya 5); upepo; wingu; mgandamizo; pointi; utabiri; matokeo. Safu isiyo na taarifa iandikwe "K", yaani kimekosekana. Usiiache wazi na usiandike 0. Sifuri ni kipimo halisi, K si kipimo.

Hatua ya 4. Soma kipimamvua saa 2 asubuhi.

Soma, andika, kisha mwaga maji, kwa mpangilio huohuo. Anayemwaga kabla ya kuandika hana namna ya kurudi nyuma. Kipimo hiki ndicho matokeo ya kipindi cha jana: kiandike kwenye mstari wa leo, safu ya kipimo cha saa 2, kisha kwenye mstari wa jana, safu ya matokeo.

Jumlisha mvua yote ya siku 5 zilizopita, ukihesabu vipimo vya saa 2 na vya saa 5. Jumla hii inaonyesha udongo umeshiba maji kiasi gani.

Hatua ya 5. Pata utabiri wa Meteo Rwanda.

Meteo Rwanda ndiyo taasisi ya serikali yenye vituo na vifaa ambavyo wewe huna. Soma au sikiliza redioni utabiri wa siku kuhusu Wilaya ya Rubavu. Andika maneno yake yalivyo; usiandike ulivyoyaelewa. Angalia tarehe. Taarifa za hali ya hewa husambazwa kutoka simu hadi simu, na si ajabu kupokea leo onyo la mwezi uliopita. Taarifa isiyo na tarehe ni K.

Hatua ya 6. Kagua anga saa 5 asubuhi, kisha andika utabiri.

Soma kwanza kipimamvua na ukimwage, ili mvua ya asubuhi isiingie kwenye kipindi. Kisha fanya kazi nne.

Angalia upepo. Usiku milima hupoa, na hewa yake nzito huteremka kuelekea ziwani. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo hugeuka: hutoka ziwani, hupanda miteremko, na hewa yenye unyevu ikiinuka hujenga mawingu. Upepo ukiwa tayari wa magharibi au kusini-magharibi, toa pointi 1.

Pima wingu. Geukia kusini-mashariki, upande wa Gishwati. Chagua wingu moja lililo kubwa kuliko yote. Nyoosha mkono mbele, kiwiko kikiwa kimekaza, na uhesabu vidole: limesimama vidole vingapi kwenda juu, na kitako chake kina upana wa vidole vingapi? Kimo kikiuzidi upana, na kilele kikiwa na vinundu kama koliflawa, toa pointi 3. Likiwa tayari ni wingu la radi, toa pointi 4. Anga likifunikwa lote na wingu la kijivu lisilo na umbo, toa pointi 1.

Linganisha mgandamizo wa hewa, ikiwa simu yako ina kipimo chake. Kama haina, andika K na uendelee. Hapa ndipo wengi wanapopotoshwa na kanuni za Ulaya, kwamba mgandamizo ukishuka, dhoruba inakuja. Katika ukanda wetu wa ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, mvua iwepo isiwepo: kileleni karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Mshuko wa hektopaskali 3 kati ya asubuhi na jioni ni wa kawaida kabisa. Kwa hiyo linganisha saa 5 ya leo na saa 5 ya jana, mahali palepale, sakafu ileile, kwa maana kupanda mita 10 tu hupunguza karibu hektopaskali 1. Leo ikiwa chini ya jana kwa hektopaskali 1 au zaidi, toa pointi 1. Usishangae simu ikionyesha namba ndogo sana: ufukweni mwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, kawaida ni karibu 850, na Mahoko ipo juu zaidi ya hapo.

Jumlisha. Ongeza pointi 3 ikiwa Meteo Rwanda imetaja mvua Rubavu, na pointi 1 ikiwa kipimo cha saa 2 leo kilifika milimita 1. Jumla ikiwa 5 au zaidi, andika NDIYO. Ikiwa 4 au pungufu, andika HAPANA. Neno "labda" halina nafasi kwenye daftari hili. Anayeanika maharage, anayemwaga zege na mama anayepakia kabichi za kupeleka Goma wote wanahitaji jibu wanaloweza kulifanyia kazi.

Hatua ya 7. Fuatilia mto na mlima.

Weka alama za rangi kila sentimita 10 kwenye nguzo ya daraja au jiwe kubwa linaloonekana kutoka mahali pa juu. Fanya hivyo siku kavu, maji yakiwa chini. Usawa wa siku hiyo ndio sifuri. Usiingie mtoni wakati wowote mwingine.

Kubaliana na mtu mmoja anayeishi juu, kwa mfano upande wa Nyabirasi, wilayani Rutsiro, na umpe kopo la pili. Kila siku saa 12 jioni, na tena saa 3 usiku, akutumie neno moja kati ya haya matatu: HAKUNA, INANYESHA, KUBWA. Maana ya KUBWA ni kwamba kopo limefika milimita 20 na mvua bado inaendelea. Neno lisipofika, mpigie. Kimya chake kisihesabiwe kuwa HAKUNA, kwa sababu mvua kubwa ndiyo inayoangusha mitandao ya simu.

Amua hivi. KUBWA: hamisha watoto, wazee, vitambulisho na mifugo kwenda juu usiku huohuo. INANYESHA, na jumla ya siku 5 imefika milimita 50: mtu mmoja mzima akeshe akiangalia alama kwa tochi kila baada ya nusu saa. Maji yakipanda sentimita 20 ndani ya nusu saa, ondokeni. Maji yakishuka ghafla huku mvua ikinyesha, ondokeni pia, tena kwa haraka zaidi, kwa sababu huenda maporomoko yameziba mto huko juu na bwawa hilo la tope litapasuka. Ukiona hatari, piga 112. Amri ya viongozi ya kuhama inatangulia chochote kilichoandikwa hapa.

Miteremko hii haikuwa hivi. Katika miaka ya 1970 msitu wa Gishwati ulikuwa na karibu hekta 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kama 600. Sehemu iliyosalia na inayorudishwa sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, lakini mahali ambapo miti haijarudi, maji hayasubiri.

Hatua ya 8. Hesabu radi.

Ukiona mwale, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa 3: jibu ni kilomita. Sekunde 30 au pungufu, ingia ndani ya nyumba imara, acha bomba na nyaya, usisimame chini ya mti. Toka dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya. Tarehe 10 Machi 2018 radi iliua watu 16 kanisani wilayani Nyaruguru. Ng'ambo ya pili ya Kivu, eneo la Kabare nchini Kongo hupigwa na zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, idadi inayoliweka miongoni mwa maeneo ya kwanza duniani.

Hatua ya 9. Hakiki utabiri baada ya siku 30.

Chora visanduku vinne. A: ulisema NDIYO, ikanyesha. B: ulisema NDIYO, haikunyesha. C: ulisema HAPANA, ikanyesha. D: ulisema HAPANA, haikunyesha. Jumla ya A, B, C na D lazima iwe 30, ukitoa siku za K. Isipotimia, rudi kwenye daftari kabla ya kuendelea.

Usijisifu kwa kujumlisha A na D. Mwaka 1884 nchini Marekani, John Finley alitoa tabiri 2,803 za vimbunga vya tornado na kuhesabu kwamba alipatia asilimia 96.6. Wakosoaji wakaonyesha kwamba mtu ambaye angesema "hapana" kila mara angepatia asilimia 98.2. Visanduku vyake vilikuwa A 28, B 72, C 23, D 2,680: sanduku D ndilo lililombeba.

Tumia hesabu hii: A gawanya kwa A+B+C. Kwa Finley ni 28 kwa 123, yaani asilimia 23. Kisha hesabu hivyohivyo kwa mtabiri asiye na kifaa, anayesema tu kwamba leo itakuwa kama jana: weka NDIYO kila siku iliyotanguliwa na kipindi chenye mvua, na HAPANA nyinginezo. Ukimshinda, pointi zako zinafaa. Asipozidiwa, kagua C kwanza: siku hizo ishara gani ilikuwepo nawe hukuipa uzito? Ongeza pointi 1 kwa ishara hiyo moja tu. Pointi za Hatua ya 6 ni za kuanzia, na wa kuzirekebisha ni daftari lako.

Andika pointi mpya juu ya ukurasa unaofuata pamoja na tarehe, pitisha mstari mmoja juu ya zile za zamani bila kuzifuta, na kesho saa 2 asubuhi uanze tena Hatua ya 4.