Bibi Asikae Tu

Mvua ikinyesha njia huteleza. Bibi kaanguka. Tunamwinua, tunampa pole, halafu tunamwambia: "Bibi, we keti tu. Maji tutakuletea."

Ndugu wasomaji, maneno hayo ni ya upendo, lakini yanamdhuru. Mtu akizeeka, misuli ya miguu hupungua nguvu na macho hufifia. Akiyumba, mwili hukawia kujishika. Akikaa tu kutwa, miguu huzidi kulegea, naye huanguka tena. Mifupa ya wazee wengi ni dhaifu. Nyonga ikivunjika, wengi hawatembei tena kama zamani, na wengine hufa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka. Wengi wao wana umri wa zaidi ya miaka 60.

Tufanye nini basi? Misuli ikitumiwa hupata nguvu, hata uzeeni. Tumsaidie mzee kufanya mazoezi haya. Sakafu iwe kavu. Avue kandambili. Mmoja wetu asimame karibu naye.

1. Kukaa na kuinuka. Akae kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Ainuke polepole, kisha akae. Mara 5.

2. Kuinua visigino. Ashike meza nzito, asimame kwa vidole, ahesabu hadi 3, ashuke. Mara 10.

3. Kusimama kwa mguu mmoja. Ashike meza, ainue mguu mmoja kidogo, ahesabu hadi 10. Kisha abadili mguu.

4. Kufuata mstari. Atembee kando ya ukuta akiushika. Kisigino cha mguu wa mbele kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Hatua 10.

Afanye hivyo siku 3 au zaidi kila juma. Akisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache na aketi, nasi tumpeleke zahanati. Aliyekwisha kuanguka amwone kwanza mhudumu wa afya.

Nasi tuondoe majembe na ndoo njiani. Usiku taa iwe karibu na kitanda chake.

Kesho Bibi akitaka kwenda kuota jua uani, tusimkataze. Tumpe mkongojo wake, twende naye.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kukaa tu kunamdhuru mzee?
2. Nyumbani kwako kuna vitu gani vinavyoweza kumwangusha mzee?
3. Nani atamsimamia mzee wenu wakati wa mazoezi?